Koti Moja, Mashati Manne, Suruali Mbili

Habari ilimkuta nyuma ya wodi, ameinamia karo, anakamua shuka. Lilikuwa shuka la kaka yake. Muuguzi wa zamu ya asubuhi, yule mfupi mwenye mazoea ya kuchomeka kalamu sikioni, alitoka kwa mlango wa nyuma. Alishika ncha ya pili ya shuka, wakalisokota pamoja, huyu kulia na yule kushoto, kama wanawake wa nyumba moja. Maji yalipokwisha kudondoka, muuguzi akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, usilianike. Hatalihitaji tena."

"Karuhusiwa?"

"Amekwenda, mama. Dakika chache tu zilizopita. Pole sana."

Mama akasema ile kauli ambayo kila Mwislamu hufundishwa kuisema, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake ndiko tunakorejea. Aliisema yote, hakuruka neno. Kisha akalianika shuka hata hivyo, akalinyoosha pindo zake kwa vidole, kwa sababu mikono iliyofua na kupiga pasi nguo za watu kwa miaka thelathini haijui kuacha shuka limejikunja. Ilikuwa siku ya tisa tangu kaka yake aanguke. Kwa siku zote tisa mama huyu alikuwa na hofu mbili. Moja kila mtu wodini aliijua. Ya pili ilikuwa yake peke yake, nayo ilihusu dakika.

Mtaani walimwita Dobi, na hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kuitwa vingine. Kaka yake alikuwa na majina mawili. Mtaani walimwita Mchinja Panya. Kazini, kwenye maabara ya chuo iliyochunguza ubongo, walimwita Hamsini. Mke wake alifariki zamani, na mume wa Dobi alikuwa ameondoka zamani vilevile, kwa miguu yake mwenyewe. Basi ndugu hao wawili waliishi pamoja katika nyumba ya vyumba viwili na ujia katikati. Meza ya pasi ilikaa kwenye ujia. Ukisimama mezani unaona pazia la chumba cha Hamsini, na nyuma ya pazia chumba chembamba mno: kitanda, halafu nafasi ya msala mmoja wa kuswalia, halafu ukuta. Ukigeuka mle bila kuangalia, kiwiko chako kinalipa.

Hamsini alimaliza sekondari, akakosa nafasi ya kuendelea, akaajiriwa chuoni kufagia chumba cha panya. Alifagia miaka mitatu. Siku moja msaidizi wa maabara aliugua, na Profesa, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye nywele nyingi na subira kidogo, alibaki na panya tayari bila mtu wa kumsaidia. Mfagiaji akasema, "Mimi nimekuwa nikitazama." Profesa akacheka, kisha akampa mkasi.

Kazi yenyewe haikuwa ya kusimulia watu wakiwa wanakula. Panya analazwa usingizi, anakatwa kichwa, na kuanzia hapo saa inakimbia. Unafungua fuvu kwa mkasi mdogo, unauinua ubongo kwa kijiko bapa bila kuukwaruza, unauzamisha kwenye maji ya chumvi yaliyo nusu barafu. "Kabla haujajua kwamba umekufa," ndivyo Hamsini alivyokuwa akisema. Kisha wembe unaotetemeka unaukata vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, na vipande vinawekwa kwenye maji yenye sukari yanayopulizwa hewa safi. Humo vinaishi mpaka jioni. Mnyama amekufa saa tatu asubuhi, na saa tisa alasiri kipande cha ubongo wake kikiguswa na waya bado kinajibu. Lakini ukichelewa mwanzoni, hata vipande viwe vizuri machoni, havijibu. Wengine waliifanya kazi ile kwa dakika moja na nusu. Yeye aliifanya kwa sekunde hamsini, akiwa na saa ya kubonyeza mfukoni, na jina likampata.

Mwenye bucha mtaani hakuchoka kumtania. "Mzee, kilo ya panya leo inakwendaje?"

"Ya kichwa au ya paja?"

"Ya kichwa."

"Kichwa nimeahidi watu wa chuo. Njoo kesho."

Wengine walimwambia haraka haraka haina baraka. Aliwajibu kwamba hiyo ni methali ya watu wasiojua meza yake. Pale mezani haraka ndiyo baraka yenyewe. Kila panya alimsomea bismillahi, na kila mkono aliuosha mpaka kwenye kiwiko kabla ya kurudi nyumbani, kisha akaosha tena alipofika.

Jioni aliketi kwenye kigoda ujiani, dada yake akipiga pasi, naye akimsimulia ya kazini. Dobi naye alisoma sekondari. Hakuwa mtu wa kuambiwa "hutaelewa". Siku moja alimuuliza hasa wanachokitafuta kwenye vile vipande.

"Milango," Hamsini akasema. "Kila seli ya ubongo ina milango. Habari ikitoka seli hii kwenda ile hairuki yenyewe. Inapelekwa na kitu kinaitwa glutamati."

"Si ndiyo ile ya kwenye unga wa kukoleza supu?"

"Ndugu yake wa damu. Sasa, glutamati ikifika inabisha hodi. Lakini milango si ya aina moja. Wa kwanza wameupa herufi tu, AMPA. Huo ni kama mlango wa duka: hodi, karibu, ingia, toka. Unafunguka na kufunga kabla hujapepesa jicho. Chumvi inaingia, seli inashtuka, imekwisha."

"Wa pili?"

"Wa pili ni NMDA. Huo una kizibo. Ukibisha tu, haufunguki."

"Mwenye nyumba mbishi."

"Si mbishi, mwangalifu. Kizibo ni chembe ya magnesiamu. Hakitoki mpaka ule mlango wa kwanza uwe umeingiza umeme wa kutosha kukisukuma. Kwa hiyo mawili lazima yakutane: nje wamebisha, na ndani wameshaamka. Hapo kalsiamu inaingia. Na kalsiamu ikiingia, ile njia inawekwa alama, inakuwa imara. Ndiyo kukumbuka kwenyewe."

Dobi aligeuza shati. "Wa tatu?"

"Kainate. Huo hata Profesa ukimuuliza hukohoa kwanza. Tuseme ni mtu aliyeshika koki: anaongeza kidogo, anapunguza kidogo. Na wa nne si mlango kabisa, ni kengele. Unabonyeza, huoni kitu kikiingia, lakini ndani watu wanaanza kuhamisha viti."

Dobi alicheka mpaka akaiinua pasi isije ikaunguza. Ile ya kuhamisha viti ilimkaa. Kwa miaka, akimwona jirani kanuna bila sababu, alikuwa akisema, "Huyo kabonyezwa kengele."

"Unakumbuka kofi la mama?" Hamsini akamuuliza siku hiyohiyo.

Angelisahauje? Alikuwa na miaka saba, kaka yake kumi na moja. Sufuria la uji lilikuwa linafurika jikoni, mama yuko nje, na kaka yuko kwenye sijida, paji la uso chini. Alimvuta shati: uji, uji. Mama aliingia akaliona. Kofi lilikuja kabla ya maneno. Kisha maneno: "Aliye kwenye sijida haitwi. Yuko mbele ya aliye Mkubwa kuliko sufuria lako." Tangu siku ile, katika nyumba yao mtu akisujudu, hata mlango unafungwa kwa vidole viwili.

"Huo ndio mlango wa pili," Hamsini akasema. "Nje wamebisha, ndani umeamka. Na kwa wadogo ni zaidi. Tunaona kwa panya: wachanga mlango wao wa pili una pande za aina nyingine, ukifunguka unachelewa kujifunga. Wakikua pande zinabadilishwa. Kinachoingia utotoni kinaingia kwa wingi."

"Na usipojifunga kabisa?"

Dobi aliuliza kama mtu anavyouliza habari za pasi iliyokwama kwenye moto. Lakini kaka yake hakutania.

"Damu ikikatika kichwani, seli zinakosa nguvu. Zinamwaga glutamati yote kwa mpigo, kama mtu kaangusha ndoo. Wa kuizoa nao wamekosa nguvu. Mlango wa pili unabaki wazi, kalsiamu inaingia, inaingia, mpaka seli inaanza kujila yenyewe. Na jirani yake, na jirani wa jirani. Mlango uleule, mdogo wangu. Unaotupa kumbukumbu ndio unaotumaliza." Akaipapasa saa mfukoni. "Ndiyo maana mimi nakimbizana na hii."

Alfajiri ya siku aliyoanguka, Dobi aliamka, akaswali chumbani kwake, akatoka ujiani kuwasha pasi. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu na ushei. Pazia la chumba cha kaka yake lilikuwa limekaa upande. Alimwona kwenye msala, amesujudu, mgongo umejikunja, bega la kulia limeegemea ubavu wa kitanda. Akaona amekaa hivyo kwa muda. Akajiambia, leo kaka ana la kumwambia Mola wake. Mwezi ule binti wa kaka yake alikuwa amepeleka maombi ya kazi nyingine, na Hamsini alikuwa akimwombea kila siku.

Akashusha macho, akaanza kazi. Alianza na koti jeupe la maabara, kwa kuwa mwenyewe angelihitaji. Kisha mashati manne ya mteja, kisha suruali mbili za linda. Katikati alimimina chai ya kaka yake, akaifunika kwa kisahani isipoe. Mara moja aliinua macho, akamwona bado vilevile, akajiona mdaku, akayashusha. Hakuna hata mara moja alipofikiri kumwita. Ilikuwa kama vile jambo lenyewe halimo duniani.

Alipomaliza mguu wa mwisho wa suruali ya pili, alichukua koti lililonyooka, akalipeleka mpaka kwenye pazia, akakohoa kidogo. Kimya. Akaingia. Ndipo alipoona mate kwenye msala, na jicho moja limefunguka linatazama ubao wa kitanda. Asingeweza kuanguka hata angetaka. Kitanda kilimshika upande huu, ukuta ukamshika upande ule.

Hospitali ya kwanza haikuwa na mashine ya kupiga picha ya kichwa. Ya pili ilikuwa nayo, na foleni yake. Picha ilipotoka, daktari kijana mwenye macho ya kukosa usingizi alimwita Dobi pembeni. Donge la damu lilikuwa limeziba mshipa upande wa kushoto.

"Mama, alianza saa ngapi?"

"Alianza kuswali saa kumi na moja na nusu. Nilimkuta baadaye."

Hakusema uongo. Alisema kweli mbili na katikati yake akaacha shimo.

Daktari akahesabu kwa vidole. "Ipo dawa ya kuyeyusha donge. Lakini ina mpaka wake, saa nne na nusu tangu lilipoziba. Ukipita hapo inaweza kuleta damu kichwani, ukamuua wewe daktari. Mpaka wetu ulikuwa saa nne asubuhi. Sasa hivi imekaribia saa nne na nusu." Akainua mabega, si kwa dharau, kwa uchovu. "Kama mngefika nusu saa mapema ningempa. Poleni."

Nusu saa. Neno hilo Dobi alilibeba wodini kama mtu aliyebeba kaa la moto kwenye kanga. Kama alimwacha kwenye msala kwa dakika kumi na tano, ishirini, basi ilikuwa kadari, foleni na barabara. Hata angekimbia wasingefika. Kama alimwacha zaidi ya nusu saa, basi ni yeye. Hakutazama saa alfajiri ile. Nani anayetazama saa akipiga pasi?

Siku ya pili binti wa Hamsini alifika kutoka mji anakofanya kazi ya ukarani. Alikuwa na ule utulivu wa baba yake, wa kuuliza swali moja na kungoja. "Shangazi, ilikuwaje?" Dobi akasema, "Nilimkuta kwenye sijida." Mke wa seremala, jirani yao, aliyekuwa ameleta chupa ya chai, akadakia: "Kwenye sijida. Wangapi wanaipata bahati hiyo?" Na maneno hayo yakatembea. Kila aliyekuja kumtazama mgonjwa aliyasema, na kila aliyeyasema alimtazama Dobi kama mwenye nyumba yenye neema.

Hamsini alipoteza mkono na mguu wa kulia, na maneno yote. Mwanzoni alimtambua binti yake, akalia kwa jicho moja. Mkono wa kushoto ulibaki mzima. Siku ya nne aliuinua, akakunja vidole kama aliyeshika kitu, na kidole gumba kikabonyeza. Kikaachia. Kikabonyeza. Binti yake alidhani anaomba kengele ya wauguzi. Dobi alijua anachobonyeza. Huenda ilikuwa mazoea tu ya mkono ulioachwa peke yake. Huenda alikuwa anauliza. Dobi alikishika kile kidole, akakifunika kwa viganja vyake viwili mpaka kikatulia, na hakumjibu.

Profesa alikuja siku ya sita, nywele zimeisha, amevaa suti kubwa kuliko yeye. Alikaa kando ya kitanda, akamshika Hamsini mguu uliokufa kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Wakiwa wanatoka, Dobi alimuuliza kama ule mlango wa pili haukuweza kuzibwa kwa dawa.

Profesa alisimama. "Alikusimulia?"

"Miaka yote."

"Zipo dawa za kuuziba. Tumezijaribu hapa, na wengine kote wamezijaribu. Kwa panya zinaokoa. Kaka yako alizishuhudia kwa macho yake. Kwa watu zimeshindwa, moja baada ya nyingine. Huenda tunachelewa kuzitoa. Huenda mlango ule hauzibiki bila kuziba na mengine tunayoyahitaji." Akavua miwani. "Mama, nisingependa kukudanganya. Kinachosaidia ni kuwahi tu."

Dobi akamshukuru, akamsindikiza mpaka getini.

Siku ya saba homa ilipanda. Siku ya nane kifua kilijaa. Siku ya tisa ni ile ya shuka.

Maiti ilitoka hospitali saa tano asubuhi, ikapelekwa msikitini kuoshwa, na mazishi yakapangwa baada ya swala ya alasiri. Nyumba ilijaa wanawake. Wakatandika majamvi mpaka nje. Dobi alipokea pole, akapokea nyingine, akanyanyuka kama anayekwenda kuchukua maji. Akaingia chumba cha kaka yake, akafungua sanduku. Akatoa koti la maabara la akiba, mashati yake manne, suruali zake mbili za linda. Saa ya kubonyeza ilikuwa kwenye dirisha, mahali pake.

Akazirashia nguo maji, akaziviringisha unyevu uenee, akachomeka pasi. Mke wa seremala akatokeza kichwa ujiani.

"Jamani, Dobi. Leo unapiga pasi?"

"Niache, mama."

"Nguo zenyewe za nani?"

"Niache nimalize."

Jirani akaondoka akinong'ona kwamba majonzi yana sura nyingi. Dobi akabonyeza saa, akaanza na koti.

Alilipiga kama siku ile: kola kwanza, mabega, mikono, mgongo, kisha mbele na mifuko. Kaka yake alizoea kumpima kwa utani. "Koti moja dakika saba? Panya angekuwa ameshaoza." Akaenda shati la kwanza, la pili. Akaacha pasi, akamimina chai kwenye kikombe cha kaka yake, akaifunika kwa kisahani, kama siku ile. Akaenda shati la tatu. Alipochungulia saa ilikuwa dakika ya ishirini na moja, na moyo ukamruka kwa tumaini. Alipoanza la nne aligundua mkono wake unakimbia. Kola ilibaki na mkunjo, ameiruka. Akasimama. Alikuwa anaiba, tena anamwibia nani? Akairudia kola, akaipiga kama inavyopigwa nguo ya mteja anayelalamika. Mungu anaona pasi.

Suruali ya kwanza. Saa ilisoma dakika thelathini, naye alikuwa bado kwenye linda la mguu wa kulia.

Hakuacha. Alimaliza mguu huo, akamaliza suruali ya pili, akaikunja, akaiweka juu ya nyingine. Akabonyeza. Dakika thelathini na saba.

Alipoinua macho, binti wa kaka yake alikuwa amesimama kwenye pazia. Haikujulikana alisimama pale tangu lini.

"Shangazi, unapima nini?"

Angeweza kusema chochote. Siku ya msiba mtu husamehewa hata upuuzi. Lakini saa ilikuwa mkononi, ya baba wa mtoto huyu, na Dobi alikuwa amechoka kubeba.

"Siku ile nilimwona kaka kabla," akasema. "Alipokuwa kwenye sijida. Pazia lilikuwa wazi. Nilimwona ameegemea kitanda, nikajua anaomba. Nikapiga pasi. Nikapiga hizi, koti moja, mashati manne, suruali mbili. Ndipo nikaingia."

Binti alizitazama nguo. "Daktari alisema nusu saa."

"Ndiyo."

"Na hiyo inasemaje?"

Dobi akampa saa. Binti akaisoma, akaisoma tena. Nje mtu alikuwa anasoma Kurani kwa sauti iliyokwaruza, na watoto wananyamazishwa.

"Hukumwita kwa sababu ya bibi," binti akasema. Alikuwa ameshasimuliwa lile kofi tangu utoto. Katika nyumba ile lilikuwa hadithi ya kuchekesha.

"Si kwa sababu ya bibi. Kwa sababu sikumwita."

Binti alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha baba yake. Magoti yake yaligusa ukuta. Aliigeuza na kuigeuza saa kiganjani.

"Ningekuwa mimi, na mimi nisingemwita," akasema hatimaye. "Ndivyo mlivyonilea. Lakini usiniombe leo nikwambie yameisha, shangazi. Leo siwezi kusema hivyo."

"Sikuombi."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mungu. Naye alikuwa anajua."

Binti akaitikia kwa kichwa. Akaichukua suruali ya juu kabisa, akaupitisha mkono kwenye linda, kisha akairudisha. Wala hakumkumbatia shangazi yake, wala hakutoka. Walikaa hivyo, mmoja kitandani na mwingine mlangoni, mpaka sauti za wanaume zikasikika nje: jeneza limefika.

Walimweka ujiani, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi. Meza ya pasi iliegemezwa ukutani. Imamu, mzee mwenye sauti ya taratibu, aliwaambia waliokuwepo kwamba marehemu aliangukia sijidani, na kwamba mwisho wa namna hiyo watu wema huuomba. Wakaitikia amina. Dobi pia akaitikia amina. Hakuwa na haki ya kumnyang'anya kaka yake neno hilo, hata kama yeye hakustahili kulisikia.

Imamu akawaita jamaa wa karibu wamwone uso. Sanda ilifunguliwa mpaka kidevuni. Walikuwa wamemnyoosha mdomo, lakini upande wa kulia ulibaki chini kidogo. Binti aliinama, akambusu paji la uso, mahali penye sugu ya kusujudu, akarudi nyuma.

Dobi akapiga magoti. Alikuwa ameandaa maneno mengi kwa siku tisa. Akasema, "Kaka, ni dakika thelathini na saba. Nisamehe." Alisema kwa sauti ya kawaida, na waliokuwa karibu walidhani ni dua. Akamgusa shavu, nalo lilikuwa baridi kama bakuli lake la maji ya barafu kazini. Akanyanyuka kwa kushika ukuta.

Wakamfunga sanda, wakamfunika, wakamnyanyua. Walipita naye mlangoni kwa ubavu kwa sababu mlango ulikuwa mwembamba. Profesa alikuwa miongoni mwa waliobeba, hatua mbili tatu, kisha akampisha mwingine bega. Mwenye bucha alikuwa amefunga duka na kuvaa kanzu. Wakaenda wakitamka shahada, na sauti ikapungua ilipokata kona.

Wanawake walibaki. Dobi na binti wa kaka yake walisimama kizingitini, bega kwa bega bila kugusana, mpaka hapakusikika kitu. Alizikwa baada ya alasiri. Wanaume walirudi kabla ya magharibi, wakaosha udongo miguuni kwenye bomba la uani, wakasema amezikwa vizuri, kaburi lilikuwa kavu.